Begonia ya Masika

Udongo uliolowana kupita kiasi una harufu yake, nzito, kama ya muhogo uliosahaulika ndani ya maji. Nikiingia leo katika nyumba ya mutu nikaisikia ikitoka kwenye chungu cha maua, sijizuii. Nainama, natia kidole, na papo hapo niko tena Butembo, katika saloni yetu, sebule iliyofungwa madirisha.

Ilikuwa wakati wa vita. Dada yangu mkubwa, Masika, alikuwa amekwenda kufundisha shule ya msingi upande wa Kamango. Alipoondoka alituachia begonia yake, iliyopandwa ndani ya mukebe wa maziwa, yenye maua mekundu ambayo jirani zetu walikuja kuomba mbegu zake. Alituambia maneno machache tu: "Mutaniangalilia maua yangu." Halafu barabara ikakatika, na habari zake zikakatika pamoja nayo.

Nyumbani hakuna aliyelitaja jina lake. Baba, mwalimu wa shule ya kanisa, alituombea sote jioni, lakini akifika kwa Masika sauti yake ilipita haraka, kama mutu anayevuka mahali penye utelezi. Na kwa sababu askari walipita barabarani kila saa, alifunga madirisha ya mbao ya upande ule. Tuliishi ndani ya giza la mchana.

Ndipo begonia ikaanza kuwa njano. Majani ya chini yalitangulia, kisha ya katikati. Koko, mama yake baba, alisema kuna jicho baya lililoiangalia. Baba alisema ni baridi. Mimi nilikuwa mtoto, nikajua moyoni kwamba jani la mwisho likianguka, Masika hatarudi. Sikumwambia mutu.

Asubuhi moja mama aliuchukua ule mukebe, akauweka juu ya meza, akatuita. Aliliminya jani la njano katikati ya vidole. Halikukatika kama jani kavu. Lilikuwa laini, limejaa maji. Akatia kidole ndani ya udongo, akakinusa. Halafu akaugeuza mukebe juu ya gunia, mmea ukatoka na tope lake lote. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza, na ile harufu ikajaza saloni.

Mama alituangalia mmoja mmoja. "Njo nani anamwanga maji humu?"

Aliyejibu wa kwanza ni baba, yeye aliyekuwa akituambia tusiwe na wasiwasi.

"Ni mimi," alisema. "Kila asubuyi, mbele ya kwenda ku masomo."

"Na miye," akasema koko. Na mimi nikasema, na kaka yangu Paluku akasema. Kila mmoja wetu alikuwa akimwagia kwa siri, akidhani yuko peke yake.

Hakuna aliyecheka. Mama alipangusa mikono yake yenye tope kwenye gunia. "Hii maua haina kiu," alisema. "Tunaizamisha. Na tena haioni mwangaza."

Akasimama, akaenda kwenye dirisha la barabarani. Baba alimkumbusha juu ya askari, kwa sauti ya chini. Mama aliondoa kipande cha mbao kilichozuia, akafungua.

Jua likaingia. Nakumbuka nilivyoshangaa, maana nilikuwa nimesahau rangi ya ukuta wetu. Niliona ndevu za baba zimekuwa nyeupe na sikujua zilianza lini. Niliona uso wa koko umelowa. Nje askari mmoja alipita, bunduki begani, akageuza kichwa, akatazama familia nzima imesimama kuzunguka rundo la tope. Akaendelea na njia yake.

Mama alikata tawi moja lililobaki gumu, akatoboa mukebe chini, akapanda katika udongo mukavu uliochanganywa na mchanga, akauweka dirishani. Alitukataza wote kuugusa. Siku zilipita, halafu jani likachomoza, dogo, jekundu, limejikunja kama sikio la mtoto mchanga. Tulikuja kulitazama kwa zamu, mikono nyuma, kama watu walioingia kanisani.

Masika alirudi mchana mmoja ndani ya camion, lori la mizigo lililotoka Beni. Kutoka Kamango hadi Beni alikuwa ametembea kwa miguu. Alikuwa mwembamba, viatu si vyake. Alikaa kwenye kiti cha baba, akalala hapo hapo, na sisi tukakaa chini tukimsikiliza anavyopumua.

Miaka mingi nilidhani siku ile mama alitambua ugonjwa wa maua tu. Alipokuwa mzee nilimwuliza alijuaje upesi vile kwamba ni maji.

Alitazama mikono yake.

"Mwanangu," alisema, "miye njo nilianza kumwanga maji."

Siku ile alituuliza sisi sote. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza yeye.