Choki Mkononi Mwake

Pikipiki ya ushirika wa maziwa ilikuwa ya ile aina ndefu, matairi ya meno, inakimbia kwa lami na inapanda shambani bila kulalamika. Nilipewa mimi kwa sababu wengine wawili waliiogopa. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la sita tu, lakini ofisa wa mifugo alinifundisha kwa mkono jinsi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali, zile zinabebwa ndani ya mtungi wa baridi kali, na nikaishika hiyo kazi kuliko waliosoma. Watu wakaanza kuniita daktari. Mke wangu pia aliniita daktari, lakini yeye alikuwa ananicheka.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu kati ya Kaplong na Silibwet. Tulikuwa na desturi moja. Mtu akiona jioni ng'ombe wake anatafuta dume, asubuhi anafunga tawi bichi kwa nguzo ya geti. Mimi nikipita naona tawi, nasimama, nafungua mtungi. Nikichelewa mpaka majani yanyauke, mwenye ng'ombe hangoji tena. Analifungua tawi anampeleka ng'ombe kwa fahali wa jirani, na ndama anayezaliwa hapo ni wa maziwa ya kikombe kimoja. Kwa hivyo kazi yangu yote ilikuwa kuyawahi matawi.

Na adui wa kuyawahi ilikuwa baridi. Mwezi wa saba, majani chai yakiwa yamelowa na ukungu umelala juu yake mpaka huoni nyumba ya jirani, chuma kinakuwa kama kimetolewa mtoni. Ukipiga kiki mara kumi, pikipiki inakohoa mara moja. Mke wangu ndiye aligundua dawa. Aliniambia nimtolee plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini. Akaiweka kando ya makaa aliyochemshia chai, akaigeuza kwa koleo kama mtu anayechoma hindi, halafu akanipa imefungwa kwa kitambaa. Nikairudisha ikiwa bado moto, nikapiga kiki mara mbili, ikawaka. Tangu siku hiyo kila asubuhi plagi ililala jikoni pamoja na sufuria zake.

Yeye alikuwa wa watu wa ziwa. Baba yake alikuja kufanya kazi kiwanda cha chai, akakaa mpaka watoto wake wakakulia huku kwetu. Lakini baridi hakuizoea. Alivaa sweta mbili na bado alitetemeka, na akitetemeka alicheka. Wa kwetu walisema nimeoa mtu ambaye siku moja atarudi kwao. Niliwajibu vibaya, nikiwa na uhakika.

Sasa nitataja walioniharibia, kwa sababu kwa miaka mingi nimesikia ikisemwa ni ajali.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa ushirika. Shemeji yake alikuwa amekaa nyumbani bila kazi, na mwenyekiti aliitaka pikipiki iende kwake. Hakusema hivyo. Alisema petroli inapotea. Akatangaza mbele ya kamati kwamba siku geti moja likilalamika tawi limenyauka, pikipiki inarudi ofisini siku hiyo hiyo. Nikajua hapo kwamba nimebakiza kosa moja tu.

Wa pili ni fundi. Mwenyekiti alimtoa Soin, kule chini kwenye joto, mahali mtu anafanya kazi na fulana asubuhi. Akaifungua kabureta, akaishusha sindano, akaikaza skrubu ya petroli mpaka karibu mwisho, ili petroli iingie kidogo. Nilimwambia hii haitawaka mwezi wa saba. Akanijibu kwamba hewa ya juu ni nyembamba, haihitaji petroli nyingi, na kama ningekuwa nimesoma vitabu alivyosoma yeye angefurahi kunisikiliza. Kuhusu hewa alisema kweli, hilo siwezi kumnyima. Lakini baridi hakuiweka kwenye hesabu, kwa sababu hajawahi kuamka ndani yake. Alipomaliza alipaka skrubu rangi nyekundu ya kucha, ya binti wa mwenyekiti, ili mtu akiigusa ionekane. Mwenyekiti akasema atakayeivunja hiyo rangi amejifuta kazi mwenyewe.

Hapo mimi nikakosea. Bisibisi ilikuwa mfukoni. Kazi ya kuiachilia hiyo skrubu ni ya dakika moja, na rangi ya kucha inauzwa kila duka. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiguse, na mimi ni mtu wa kutii. Nikaiogopa rangi kuliko baridi.

Basi pikipiki ikawa inawaka kwa plagi ya moto, lakini ukirudisha choki tu, kile kijiti cha kabureta cha kupunguza hewa ili petroli izidi, inapiga chafya na kuzima. Na ile choki ilikuwa imechakaa. Ukiivuta inarudi yenyewe. Nilijaribu kuifunga na mpira, ukakatika. Nilijaribu kuishika kwa mkono wa kushoto huku naendesha na wa kulia, nikaingia kwenye mtaro mbele ya wanawake wanaochuma chai, wakanicheka mpaka nikasikia wengine wa mbali wakiuliza kuna nini. Siku mbili niliwahi matawi kwa bahati tu.

Siku ya tatu mke wangu alitoka jikoni na sweta zake mbili, akapanda nyuma.

"Nipe hiyo choki nishike," akasema. "Wewe shika barabara."

Akainama begani kwangu, akapitisha mkono wake wa kushoto kando ya goti langu mpaka kwa kabureta, akaivuta choki na kuishikilia. Tukaenda. Kutoka nyumbani mpaka kwenye lami ni mwendo wa kutosha injini kupata joto. Hapo anashuka, anarudi kwa miguu katikati ya majani chai, na mimi naendelea na matawi yangu.

Tulifanya hivyo karibu mwezi mzima. Kama kuna kitu ningerudishiwa, sitaki mguu, ningetaka huo mwezi. Kidevu chake kwenye bega langu. Pumzi yake moto upande mmoja wa shingo na upande mwingine umekufa ganzi. Alijifunza kuisikiliza injini kuliko mimi. Ikianza kunguruma nzito anairudisha choki kidogo, ikikohoa anaivuta. Hatukuongea. Mlima ukiisha ananigonga kwa goti, maana yake ongeza. Mchana mkono wake ulinukia petroli hata akisonga ugali, na tulikula hivyo hivyo. Wakati huo niliona ni shida, nikawa namwambia ikiisha baridi tutapumzika. Yeye akaniuliza, "Tupumzike tufanye nini?"

Wa tatu ni dereva wa trekta. Asubuhi moja ukungu ulikuwa wa kukata na panga. Tulikuwa tunateremka kwenda darajani, kabla ya kufika lami, na yeye alikuwa ameegesha trekta na trela ya magunia ya majani chai katikati ya barabara, bila taa, bila hata tawi la kuonya watu, ameenda pembeni kujisaidia. Niliiona trela ikiwa mbele ya uso. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya kupita mtu mwembamba, na ningepita kama ningeongeza moto. Nikaongeza. Pikipiki ikazima. Mke wangu alikuwa ameiona trela pia, na mkono wake ulikuwa umeacha choki ukanishika mimi kiunoni.

Gurudumu la nyuma likateleza, tukaingia chini ya trela. Yeye alitoka na mikwaruzo. Mguu wangu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Nakumbuka jinsi alivyofunga petroli kwanza, kwa akili kabisa, ndipo akanivuta. Gari la maziwa likatupeleka hospitali Kaplong, kichwa changu kikiwa mapajani pake kati ya mikebe, na njia yote nilikuwa nauliza kuhusu mtungi. Sikumuuliza kama ameumia.

Kamati ilikaa nikiwa na plasta mpaka kwenye paja. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Ningesema nilikuwa peke yangu, injini ilizima kwa sababu ya skrubu ya yule fundi, na rangi ingali pale, waende waangalie. Ningeokoka kwa kura. Wawili katika kamati walikuwa upande wangu, ningali nawajua. Lakini dereva wa trekta alikuwa ameshamwambia mwenyekiti kulikuwa na mwanamke. Mwenyekiti akamwita mke wangu, akamkaribisha kiti vizuri sana, akamwita mama.

"Mama, wewe ulikuwa unaenda wapi na pikipiki ya ushirika?"

"Sikuwa naenda mahali," akasema. "Nilikuwa nashika choki. Fundi wenu ameikaza, haitembei bila mtu kushika. Siku hiyo niliogopa, nikaachilia."

Aliamini akisema yote watamshika fundi. Akaeleza yote tangu siku ya kwanza, na plagi, na kurudi kwa miguu, akanitazama kama anayenisaidia. Katibu akaandika mstari mmoja tu: alibeba abiria asiyeruhusiwa. Jioni hiyo shemeji ya mwenyekiti alikuja kuchukua kofia ya chuma ya pikipiki.

Wa nne ni mimi. Tulipofika nyumbani aliniwekea chai, nami nikamwambia, "Ungeshika, ama ungenyamaza. Hata moja umeshindwa."

Hakulia. Alisema chai itapoa. Kesho yake alikunja nguo zake, akasimama mlangoni kwa muda, na mimi nikiwa na magongo yangu nikaangalia ukuta. Alipita njia ile ile ya majani chai, na sikuweza kumfuata, lakini hata ningeweza sijui kama ningeinuka. Nilikuwa bado nahesabu ile kura ya kamati.

Ilipita karibu miaka miwili ndipo nikapanda basi mpaka kwao. Mguu ulikuwa umeunga vibaya. Nilimkuta kwa mama yake, hajaolewa. Alinisalimia kwa mikono miwili kama mgeni, akanipikia samaki, akakaa upande wa pili wa meza. Hapo kwao kulikuwa na joto na alikuwa amevaa gauni jepesi ambalo sikulijua. Aliuliza habari za ng'ombe, za majirani. Aliuliza pikipiki iko na nani.

Nikamwambia. Nikamweleza jinsi shemeji ya mwenyekiti alivyoiua injini kabla ya mwaka kuisha, jinsi matawi yalivyonyaukia kwa mageti, jinsi watu sasa wanasema walinionea. Niliongea sana. Samaki akapoa.

Aliponiona nimemaliza akauliza, "Umekuja kunichukua, ama umekuja kuniambia hiyo?"

Nilikuwa nimekuja kumchukua. Nauli ya watu wawili ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Lakini nikaushika tu huo mfuko bila kuufungua, na yeye akaendelea kungoja, akaniangalia mpaka akachoka. Halafu akainuka, akakusanya sahani, akaniambia basi la mwisho la kupanda Kericho linapita saa kumi.