Samli Katika Damu ya Maduhu

Maduhu wa Kishapu alipoanza kuvimba, watu walimpongeza. Uso ulijaa, miguu ikakataa viatu, na jirani yake Sabiti akamwambia mnadani, "Baba Kalisti, ng'ombe wamekukubali! Umenona."

Maduhu akacheka kwa raha zake. Tangu ujana alijulikana kwa kunywa samli kama wengine wanavyokunywa uji. Hata mkojo wake ulipoanza kutoa povu alilitazama kwa upendo, kama povu la maziwa yanayokamuliwa, akasema ni baraka.

"Baraka gani?" mkewe Paskazia akamuuliza. "Mwenye afya hahemi akivaa shati."

Akamkokota hadi hospitali ya Shinyanga. Tabibu alimtoa damu, akaiacha itulie kwenye kichupa. Juu yake kukatanda maji meupe, mazito. Maduhu akainuka kitandani.

"Mama Kalisti, njoo uone! Hata damu yangu inatoa samli!"

Tabibu hakucheka. Alimweleza kuwa figo zake zimechoka, zinavujisha chakula cha damu mkojoni, ndilo hilo povu. Mwili ukihangaika kufidia, unamwaga mafuta damuni, na mafuta yakizidi, figo nazo zinaumia zaidi.

"Samli, nyama ya mafuta na chumvi, acha, mzee. Ukishupaa, mavuno hutayaona."

Hapo Maduhu akajilaza tena kitandani. Mwanawe Kalisti alikuwa anaoa baada ya mavuno. Baba asipokuwepo, ng'ombe wa mahari wangechaguliwa na wajomba, na wajomba wale walikuwa wakarimu sana kwa mali isiyo yao.

Akameza dawa. Akala samaki wa kuchemsha, bila chumvi.

"Samaki huyu amekufa bure," alilalamika.

"Meza," akasema Paskazia. "Hakufa kwa ajili ya ulimi wako."

Miezi ikapita, maji ya uvimbe yakampungua, akabaki mifupa na masikio. Sabiti akaja na uso wa msiba. "Pole, Baba Kalisti. Ng'ombe wamekufa wangapi?"

Siku ya mahari Maduhu alisimama mwenyewe mlangoni mwa zizi, suruali imefungwa kwa kamba.

"Yule mweusi amebaki zizini kwa nini?" mjomba mmoja akauliza.

"Kwa sababu hatoki," akasema Maduhu. "Huyo ni wangu, nami bado nipo."

Kisha wageni wakaletewa mkia wa kondoo, unachuruzika mafuta. Maduhu akausogelea kidogo tu, kuunusa.

"Baba Kalisti," Paskazia akaita kutoka jikoni, "nakuona."