Chini ya Goti Langu

Jumamosi ile mama alikuwa akioka mkate wa Meza ya Bwana. Pale kijijini kwetu Isansa kazi hiyo ilikuwa yake peke yake. Unga wa ngano ulitoka misheni, naye aliukanda kwa mikono aliyoinawa mara tatu, akautia chunguni na kuupalia makaa chini na juu. Sisi watoto, hata mimi niliyekwisha kuota ndevu, tulifukuzwa jikoni mpaka uive.

Kesho yake, ibada ilipokwisha, mabaki ya mkate yalirudi nyumbani kwetu, maana baba alikuwa mzee wa kanisa. Tuliyala na chai, na makombo tukawarushia kuku. Siku hiyo dada yangu mdogo alisita, akauliza kama si dhambi. Baba alicheka.

"Ibada imekwisha," alisema. "Sasa ni mkate tu. Kula."

Nilikula vipande viwili na kuomba cha tatu. Nilikuwa na miaka ishirini, na neno la baba lilinitosha kwa kila jambo.

Haukupita muda vita vya pili vya dunia vikaanza. Wamisionari wetu wa Kiprotestanti walikuwa Wajerumani, kwa hiyo Waingereza walikuja wakawachukua na kuwaweka kizuizini. Kanisa likabaki mikononi mwa baba na wazee wenzake wawili. Mwaka uliofuata nami niliandikwa uaskari. Baba hakulia nilipomuaga. Aliniambia nisinywe pombe ya watu nisiowajua, basi.

Vwawa, mahali tulipokusanywa, ndipo nilipokutana na Klementi Simbeye, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, Mkatoliki tangu tumboni mwa mama yake. Tulikuwa na kimo kimoja, kwa hiyo tulipewa machela moja ya kubebea majeruhi. Yeye alishika mbele, mimi nyuma. Kwa karibu miaka mitatu nilikitazama kisogo chake kuliko nilivyoutazama uso wa mtu yeyote.

Tulitaniana sana. Siku moja nilimwuliza, "Hivi ni kweli mnamla Mungu wenu?"

"Kweli," alisema. "Na ninyi mnakula nini?"

"Mkate wa ukumbusho."

"Ndiyo maana kila saa una njaa, bwana Yotamu."

Padri alipokuwa na Misa, Klementi hakutia kitu kinywani tangu usiku wa manane mpaka apokee Komunyo. Bisikuti zake za asubuhi alinipa mimi. Nilizila kwa furaha na kuushukuru Ukatoliki. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yangu yote juu ya Ekaristi.

Burma ilitupokea kwa mvua. Tope lilifika mapajani, na ruba waliingia hata ndani ya viatu. Tulibeba watu waliolia na watu walionyamaza, nasi tulijifunza kuwaogopa zaidi walionyamaza. Sitaki kusimulia mengi. Nasimulia asubuhi moja.

Tulikuwa tumempeleka majeruhi nyuma, tukawa tunarudi na machela tupu kando ya kijito. Klementi alikuwa akilalamikia viatu vyake.

Kombora la kwanza lilipita juu yetu.

La pili liliangukia mbele yake.

Nilimkuta ameketi, mikono yote miwili tumboni. Hakuomba maji.

"Niitie Padri," alisema.

Padri alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu, akifuatana na kikosi chetu. Hakuwa mbali. Alikuja akitambaa, akasikiliza maungamo yake kwa maneno machache, akampaka mafuta, kisha akafungua kikopo chake kidogo. Kulikuwa na hostia moja tu, mkate mwembamba wa Komunyo. Nilipiga magoti nikamwinua Klementi kichwa.

Alifungua kinywa. Kikohozi kikamshika.

Hostia iliangukia topeni.

Padri aliinama akaanza kuitafuta kwa vidole. Makombora yalirudi, sasa karibu zaidi.

"Padri, ni mkate tu!" nilipiga kelele. "Tumbebe tuondoke!"

Nilimshika mguu nikamvuta. Alikuwa akitetemeka mwili mzima kwa hofu, wala hakuona haya kutetemeka, lakini aliendelea kupapasa tope. Klementi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Ndipo nikaanza kutafuta na mimi.

Nilipoinua goti langu la kulia, ilikuwa pale. Nilikuwa nimeikandamiza.

Padri alimega kipande kisichokuwa na tope, kidogo kama ukucha, akamwekea Klementi ulimini. Kilichobaki alikila mwenyewe, pamoja na tope na damu.

Klementi alimeza. Alikufa kabla hatujamlaza kwenye machela.

Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Kwa wiki nyingi nilikuwa na hasira tu, na hasira hiyo niliielekeza kwa Padri. Lakini kila usiku nililiosha goti langu. Tope lilikwisha siku ya kwanza, nami niliendelea kuosha. Mwishowe nilijiuliza: kama ni mkate tu, ninaosha nini? Nilikwenda kwa yule mzee nikamwambia kwamba nataka kufundishwa Ukatoliki. Alinijibu nisubiri nifike nyumbani, nikamwambie baba yangu kwanza.

Nilirudi vita vilipokwisha, nikamkuta baba amekonda. Miaka yote hiyo alizunguka vijiji kwa miguu, akizika, akifundisha watoto, akipatanisha wagomvi, ili wamisionari wakirudi wasikute pori. Hawakurudi. Nilimweleza yote barazani, habari za Klementi na za goti langu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Pole kwa rafiki yako," alisema. "Wamisionari sikuwalaumu walipotuacha, walichukuliwa kwa bunduki. Wewe nani amekushikia bunduki?"

Niliweka mkono juu ya goti langu.

"Nenda basi. Lakini mezani pangu usile tena."

Nilikwenda. Nilifundishwa mwaka mzima, nikapokelewa, na siku ya Komunyo yangu ya kwanza hakuna mtu wa nyumbani aliyekuja. Kila nilipowatembelea, mama aliniandalia chakula barazani peke yangu, kama mgeni, na baba alikula ndani. Nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Miaka mitatu tulikula hivyo, mpaka alipokufa. Nilimpenda baba yangu. Sikuwahi kumwambia, na ukuta ule haukunisaidia.

Matanga yalipokwisha, nilikaa na mama jikoni. Chungu cha mkate kilikuwa pembeni kimefunikwa. Baba alikuwa amemsimulia habari za Burma, naye alikuwa ameyabeba maneno yale siku zote akingoja tubaki wawili.

"Yule Padri alikula tope," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tuliwapa kuku." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulimkosea Bwana, mwanangu?"

Nilimwonea huruma. Nilitaka kumtua mzigo upesi, na neno lilikuwa tayari kinywani.

"Hapana, mama. Usiogope. Wetu ulikuwa mkate tu."

Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Nilikuwa nauombea nikiukanda," alisema. "Kila mara. Nilijua Bwana yumo humu jikoni."

Alikufa masika yaliyofuata, na hatukulizungumza tena.

Sasa mimi ni mzee. Naamini niliyoyaamini, wala sijajuta. Kila Jumapili nikipokea hostia nachunga chembe isianguke, kisha narudi kwenye benchi na kupiga magoti kwa shida, maana goti la kulia limechoka. Hapo namwomba radhi Klementi, halafu mama. Klementi najua alinisamehe, kwa kuwa alimeza. Mama siku ile hakusema kama amenisamehe. Aliinuka akajifunga kanga vizuri, akatoka nje kuwapa kuku maji.