Siku Mama Alipoipigia Diski Vigelegele

Naandika hii na uso bado una moto, na ukitaka kucheka cheka tu, hata mimi ningecheka kama si mimi niliyekuwa pale jukwaani. Shule nzima iliniona, wazazi waliniona, hata mpishi aliacha sufuria ya wali akatoka nje kuniona, mimi ambaye tangu Form One sijawahi kuinua mkono darasani hata kuomba ruhusa ya kwenda choo.

Ilianza na diski. Kwa shule yetu, hapa upande wa Mabanga, diski ni kibao cha mbao cha mviringo chenye kamba, ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na ukitaka ikutoke lazima umvizie mwenzako akiteleza umpatie yeye. Mimi kuvizia watu siwezi (nitamwambia nini, "samahani, nimekusikia"?), kwa hivyo nilipovalishwa Jumanne nilikaa nayo mpaka Ijumaa, nimeificha chini ya sweta kama mtu aliyeiba sahani. Na kosa langu lilikuwa nini? Nilimkuta Nelima, mono wa Form One, amejikunja nyuma ya bafu analia, ameambiwa nyanya yake aliyemlea amelazwa, na Kiingereza chote nilichokuwa nacho kikanitoroka, nikamwambia tu kwa Lubukusu, "lekha khulila," nyamaza basi, nikakaa chini na yeye. Kumbe prefekti alikuwa ndani ya bafu anaoga.

Ijumaa hiyo Madam wa Kiingereza akaniandikia adhabu yangu: vitenzi ishirini vya Kiingereza vya kusifu watu, kuwatendea wema na kuwaunga mkono (ndipo tulipokuwa tumefika kwa kitabu), nivikariri pamoja na maana.

"Na kesho, siku ya wazazi, utavisema mbele ya wageni," akaniambia. "Maana utoe kwa Kiswahili, wazazi wasikie. Na diski uivae."

Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha na aibu ndogo. Lakini mama yangu ni fundi wa nguo kule Kibomet, Kitale, na Jumamosi ndiyo wateja hujia nguo za kanisa, kwa hivyo hajawahi kuja siku ya wazazi hata moja, na mimi nilikuwa namtaka. Nikajiambia diski itabaki chini ya sweta kama kawaida, nani ataijua. Nikampigia kwa simu ya kulipia ya kantini: "Mama, nimechaguliwa kuongea Kiingereza mbele ya wageni!" Ningeweza kurekebisha, salio lilikuwa limebaki la dakika nzima. Nikasema "haya, bye" nikakata.

Mama alikuja, na hakuja peke yake. Alimleta Mama Brayo, jirani yetu, yule aliyewahi kumwambia mbele ya wateja kwamba kumlipia karo msichana asiyeongea ni kumwaga maji. Mama alimketisha safu ya tatu ya hema ya wageni, katikati kabisa, ili asikose neno. Nilipowaona wawili hao nikaisukuma diski ndani zaidi ya sweta.

Jina langu likaitwa, nikapanda, na Madam akaninong'oneza, "Toa diski nje." Nikaitoa. Mama akaruka kutoka kwa kiti chake.

"Medali! Mtoto wangu amepewa medali!"

Akapiga vigelegele, na mnajua mama zetu, mmoja akianza hawezi kuachwa peke yake, hema nzima ikaitikia, hata deputi wa mwalimu mkuu akapiga makofi kabla ya kukumbuka yeye ni nani. Madam akachukua maikrofoni.

"Wazazi, asanteni, lakini hiyo si medali. Huyu msichana anaadhibiwa. Ameongea lugha ya nyumbani shuleni."

Vigelegele vikakatika. Wasichana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikamsikia Mama Brayo waziwazi: "Ati nini? Si mtoto ndiye alichaguliwa? Tumetoka Kitale yote hiyo kuja kuona adhabu?" Mama akaketi polepole, akaangalia magoti yake.

Nikaanza. Praise, kusifu. Applaud, kupigia makofi (nilisema "appraud", ndiyo, l na r zetu za huku mnazijua). Encourage, kutia moyo. Support, kuunga mkono. Watu wanapiga kelele "Sauti!" na mimi sauti sina. Nikafika comfort, na maana ikapotea kabisa, kichwa cheupe, nikatazama hema na mama bado alikuwa ameinama, na hapo kitu kikanipanda ambacho si aibu.

"Comfort," nikasema, "ni kumkuta mono analia nyuma ya bafu kwa sababu nyanya yake amelazwa, na kukaa naye chini, na kumwambia anyamaze kwa lugha ambayo huyo nyanya humwambia."

"Nimetaka maana," akasema Madam, "si hadithi."

"Hiyo ndiyo maana, Madam."

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Hakuna aliyecheka. Nikamalizia vyote vilivyobaki, mpaka cha ishirini, na sasa hata walioketi nyuma walisikia. Ningekuwa mtu wa maana ningeshuka hapo kwa heshima, lakini nilikanyaga waya na spika ikaangukia kreti ya soda za wageni.

Mama alinikuta nikiokota vipande vya chupa.

"Ulinidanganya kwa simu."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniacha nimlete huyu." Akaelekeza kidevu kwa Mama Brayo. Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize, kisha akauliza, "Huyo msichana wa nyanya yuko wapi?"

Nelima hakuwa na mgeni. Mama akamketisha kando yake, akafungua kikapu, akampa chapati na paja la kuku, na akamwongelesha kwa Lubukusu kwa ile sauti anayoitia wateja, Madam akiwa hatua mbili kutoka hapo. Madam akamwangalia mama, akaniangalia, akaenda zake.

"Si hata mimi nipatiwe paja?" akauliza Mama Brayo.

"Wewe umekuja kuona adhabu. Tazama tu."

Kwa kumjibu mwalimu nimeongezewa wiki mbili za diski. Kumdanganya mama, naapa, sirudii, ule uso wake ukiinama mbele ya watu sitaki kuuona tena maishani. Lakini jana kuna mono mwingine alikuwa analia kwa bweni, nikaenda, nikakaa kwa kitanda chake, tukaongea mpaka akapangusa macho. Kwa lugha gani? Si Kiingereza. Prefekti alikuwa mlangoni na kalamu yake ya kuandika wenye makosa, na nilimtajia jina langu mimi mwenyewe, polepole, ili asikosee kuliandika.