Jando wakati wa maombolezo ya kitaifa: nilivyopanga watoto watoke kumbini bila ngoma

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninachoandika kimetokea kweli, na nimekifuta mara nyingi kabla ya kukipandisha hapa. Ndiyo tabia yangu. Hata meseji ya "nipo njiani" naisoma na kuirekebisha kabla ya kutuma. Kwa hiyo mkiona sehemu imekaa vibaya nivumilieni, nikianza tena kusahihisha uzi huu hautatoka kabisa.

Majina nimebadilisha.

Mimi ni kijana wa Mtwara mjini, nimelelewa na shangazi hapo Chikongola. Kazi yangu ni kutembeza wageni. Sikusomea chuo chochote, Kiingereza nimejifunza kwenye simu na website yangu nimeitengeneza mwenyewe.

Wageni wengi wa Mtwara wanafuata mambo ya bandari na korosho. Wa kutalii ni wachache, na hao wachache huuliza kitu kimoja: ngoma. Wanataka kuona ngoma za asili, si za hotelini.

Sasa upande wa Mpapura kuna kijiji cha ukoo wetu, na mwaka huo kulikuwa na jando. Watoto wa kiume wanapelekwa kumbini, yaani kwenye vibanda vya porini, wanatahiriwa na kufundwa. Wakiwa huko wanaitwa wali, mmoja ni mwali, na mama zao hawaruhusiwi kuwaona hadi siku ya kutoka.

Siku ya kutoka ndiyo sherehe yenyewe. Ngoma, vigelegele, vinyago, pilau, biskuti na soda kwa watoto.

Nikaongea na wazee. Wakakubali wageni wangu waje kutazama ile siku ya uwanjani tu, si kumbini. Nikatangaza online, nikapata watu. Sijawahi kufurahi namna ile.

Mmoja wa wali alikuwa Shazili, mtoto wa dada yangu Hawa.

Hawa ni dada yangu wa tumbo moja, ameolewa huko chini karibu na mto Ruvuma, kwenye familia yenye asili ya Msumbiji. Wanalima mihogo na korosho. Alishazika watoto wawili wakiwa wachanga. Shazili ndiye aliyebaki. Kumtoa aende kumbini ilibidi aombwe na ukoo mzima, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kumshawishi.

Basi. Siku chache kabla ya wali kutoka, akafariki kiongozi mkubwa wa nchi. Simtaji, uzi huu si wa siasa na mods wakiuhamisha nitaumia.

Maombolezo ya kitaifa yakatangazwa. Bendera nusu mlingoti. Mtendaji wa kijiji akapita na kipaza sauti: hakuna muziki, hakuna ngoma, hakuna sherehe ya aina yoyote hadi maombolezo yaishe.

Mimi nilikuwa na wageni watano ambao walishafika Mtwara.

Wakuu, sijui kama humu kuna watu wenye ugonjwa wangu. Kitu kikiharibika kidogo mimi nakwama hapo hapo. Nilikaa nje ya gesti yao nikiwa nimeshika simu, naandika maelezo na kuyafuta.

Aliyenikwamua ni mgeni mmoja, mwanamke wa Thailand, tumwite Malee. Nilipomweleza hakukasirika. Akasema kwao waliwahi kuwa kwenye msiba wa mfalme wakati wa sikukuu ya kuelea taa majini, sikukuu ambayo watalii wanaifuata toka mbali. Hawakuifuta. Waliondoa fataki na muziki, wakavaa nyeusi, wakaziweka taa majini kimyakimya.

"Ilikuwa nzuri," aliniambia. "Labda kuliko miaka yote."

Jamani, lile wazo lilinipata kama dawa.

Kabla hajamaliza kunywa chai nilishaona kila kitu kichwani. Wali wanatoka kimya, mama zao wamekaa wamevaa kaniki, zile nguo nyeusi za msiba, kwenye viti vya wageni nimefunga utepe mweusi. Serikali imeheshimiwa, mila imeheshimiwa na wageni wamepata walichokuja kuona. Nilijiona nina akili sana.

Nikampigia mtendaji. Akafikiri kidogo, akasema: "Kama hakuna ngoma wala spika, hiyo si sherehe, ni watoto wanarudi nyumbani. Mimi sina neno."

Kazi ikabaki kwa Mzee Namkoko, mkuu wa kumbi. Huyu si mzee wa kutoa busara, wakuu. Ni mtu mkali, anatafuna karanga muda wote na anapenda kunitania kwa sababu mimi nilitahiriwa hospitalini.

"Mtoto wa sindano umekuja," akasema. "Haya, leta habari za mjini."

Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Watoke bila ngoma?"

"Kwa sababu ya msiba, babu."

"Ungoje msiba uishe."

"Shule zinafunguliwa, babu. Na wageni wanaondoka."

"Ahaa. Wageni." Akawageukia wenzake waliokaa naye. "Mnasikia? Wali ni wetu, kalenda ni ya Wazungu."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaendelea kusukuma, nikataja chakula cha kumbini kinavyopungua, nikataja mtendaji alivyokubali. Mwisho mzee akaniambia jambo ambalo nilikuwa silijui.

Kwetu huku, mwali akifia kumbini mama haambiwi papo hapo. Anaendelea kupika na kupeleka chakula kama kawaida. Atajua siku ya kutoka, na atajua kwa sababu ngoma haitalia.

"Kimya kina kazi yake," akasema. "Ukitaka kukitumia, mama wote waambiwe kwanza. Waitwe hapa kwa pamoja, wasikie kwa pamoja. Na dada yako mwite aje akae na wenzake."

Nikasema sawa babu.

Mama wa pale kijijini waliitwa, wakaambiwa, wakanung'unika, wakatania wee, mwisho wakakubali. Mama mmoja alisema: "Basi mimi vigelegele vyangu nitavimezea, vitatokea mbele ya safari." Wote wakaanguka kicheko. Nikagawa kaniki, wakapokea.

Lakini Hawa sikumwita. Nilimhurumia. Kutoka kwake hadi pale ni mbali, na alikuwa shambani peke yake, mumewe yupo safarini. Nikaona heshima kubwa zaidi ni mimi ndugu yake kumfuata mwenyewe, nimweleze vizuri, ana kwa ana. Kumpigia simu niliona ni kama kumpuuza.

Nikachukua bodaboda mchana ule. Nikabeba sukari, maana hauendi kwa dada mikono mitupu. Na kaniki yake.

Nilimkuta anamenya mihogo. Akanyanyua uso akaniona, kisu kikasimama.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, dada."

"Mbona hukusema?"

Nikakaa. Nikaanza taratibu, kama nilivyojipanga njiani. Nikamuuliza hali. Nikamwambia asishtuke. Nikamwambia siku ya kutoka kutakuwa kimya, ngoma haitapigwa, lakini ni kwa sababu ya msiba wa nchi, asiwaze kingine. Nikampa kaniki nikamwambia aje ameivaa.

Aliishika mkononi muda mrefu.

"Umemwona?" akauliza.

"Nani?"

"Shazili."

"Mimi siingii kumbini dada, unajua. Ila wote ni wazima."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Namkoko."

Akatikisa kichwa polepole. Alinipikia, nikala, akanisindikiza hadi barabara kubwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Njiani aliniambia, "Asante mdogo wangu, umejitahidi." Nikapanda pikipiki nikiwa na amani kabisa. Nilijisifu kwamba nimeifikisha habari vizuri.

Wakuu, kitu nilichokuja kuambiwa baadaye, ambacho mzee hakukitaja, ni hiki. Mwali akifa, kabla ya ile siku ya kutoka hutangulizwa ndugu mmoja wa karibu kwenda kwa mama. Anakwenda peke yake. Anabeba kitu kidogo. Anazungusha maneno, anasema usishtuke. Hatamki kifo, ni mwiko, lakini mama anaelewa, na ngoma isipolia siku ile ndiyo uthibitisho.

Nilifanya yote hayo, hatua kwa hatua, kama mtu aliyefundishwa. Na juu yake nikampa kaniki.

Nilipoondoka, dada yangu alitandika mkeka ndani. Majirani zake wakaja kukaa naye. Alimlilia mtoto wake hadi siku ile ya kutoka, kimya kimya, kwa sababu mama haruhusiwi kulia kwa sauti kabla ya siku yenyewe.

Na mimi siku hizo nilikuwa Chikongola nachagua utepe.

Siku ikafika. Uwanja umefagiwa, wageni wapo kwenye viti, kamera zipo tayari. Mama wamekaa kwenye mikeka wamevaa kaniki, wanasemezana na kusukumana kama kawaida yao. Hawa alikuja mwisho, na wanawake wawili wamemshika mikono. Nilidhani ni uchovu wa njia. Nilimpungia. Hakuniona, au aliniona.

Wali wakatoka porini. Wanatembea kwa mstari, wameinama, wamefunikwa nguo kutoka kichwani hadi magotini, humtambui yeyote. Kwa kawaida wakishasimama ngoma inapigwa, mama wanainuka kwa vigelegele, ndipo walimu wao wa kumbini wanawafunua mmoja mmoja na kuwatangaza kwa majina mapya. Siku hiyo tulikubaliana Mzee Namkoko atanyoosha mkono badala ya ngoma.

Kukawa kimya. Kimya chenyewe, wakuu. Hata wale mama waliokuwa wanataniana walinyamaza, na nikamwona yule wa vigelegele machozi yanamtoka, na yeye alishaambiwa kila kitu.

Kabla mzee hajanyoosha mkono, Hawa akajitoa kwa wale wanawake.

Akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wali. Akamfunua wa kwanza. Akamwangalia, akamwacha. Akamfunua wa pili.

"Weee mwanamke!" mwalimu mmoja akapiga kelele. "Usiguse wali!"

Wazee wakasimama. Mama wakaanza kulia, wengine wakaficha nyuso, maana mama kumfunua mwali ni jambo ambalo halisemwi hata kwa mzaha. Hawa hakusikia mtu. Alikuwa hamtafuti mwanawe aliye hai, hilo naliona sasa. Alikuwa anahakikisha kwa macho yake kwamba mwanawe hayumo kwenye mstari.

Shazili alikuwa karibu na mwisho.

Alipomfunua, hakumkumbatia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamnusa shingoni, akamfinya shavu hadi mtoto akasema, "Mama unaniumiza."

Ndipo akaketi chini, pale pale mchangani.

Na hapo wakuu, mgeni wangu mmoja akapiga makofi. Wenzake wakafuata. Walidhani ni sehemu ya sherehe.

Malee peke yake hakupiga. Alinisogelea akaniuliza polepole kama lile lilipangwa. Nikamwambia hapana. Akafungua utepe mweusi wa kiti chake, akaukunja, akaniwekea mkononi.

Hawa aliondoka na mwanawe saa ile ile. Aliponipita pale niliposimama aliniambia neno moja tu: "Ungeniita."

Mzee Namkoko hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Alisema kutoka kule si kutoka, kumeharibika. Bendera iliporudi juu, wali wakakusanywa upya, ngoma ikapigwa, majina mapya yakatangazwa. Mimi sikwenda na wageni hawakuwepo.

Shazili hakuletwa. Hawa alipofuatwa alijibu: "Wangu nilishamtoa mwenyewe. Na jina nililompa mimi linatosha."

Kwa hiyo wenzake wote wana majina ya kiutu uzima, yeye bado anaitwa la utotoni. Mnajua watoto walivyo. Wanamwita "wa mama". Mpirani hawampi namba, wanamwambia akacheze na ambao hawajaenda.

Kwenye ukurasa wangu wale wageni wameandika sifa tupu. Wamesema hawajawahi kuona mapenzi ya mama kama yale. Wiki hiyo nilipata maombi ya wageni mengi kuliko wakati wowote. Nimefunga ukurasa. Sasa hivi nabeba mizigo ya wakala mmoja mjini, siongozi mtu.

Nilichojifunza ni kwamba kunyamaza si kitu kimoja kila mahali. Kule kwa kina Malee kimya kilikuwa heshima kwa sababu watu wote walikijua na walikuwa nacho pamoja. Mimi nilikichukua nikakileta huku, ambako tayari kilikuwa na kazi yake, kisha nikakipeleka kwa mtu mmoja, peke yake, anamenya mihogo. Kama mnaandaa shughuli za mila na msiba ukaingia katikati, ahirisheni. Wageni waende wakaone kitu kingine. Na mkiambiwa muwaite watu wakae pamoja, waiteni, hata kama mnaona mnawasumbua.

Dada yangu hapokei simu yangu hadi leo.

Ila juzi ilinipigia namba nisiyoijua. Alikuwa Shazili, kaazima simu ya jirani. Akanisalimia vizuri, shikamoo mjomba, akauliza mjini kukoje. Halafu akasema:

"Mjomba, eti mimi nimeshatoka, au bado nipo ndani?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nitampigia.

Sijampigia. Kila nikiandika jibu nalifuta. Wale wa kusini mnaozijua hizi mila, na hata mama mliomo humu, naomba mniandikie bila kunionea huruma: huyu mtoto nimjibu nini? Na je, nimfuate Hawa nikiwa na mpiga ngoma hadi mlangoni kwake, au nikitokea tena pale peke yangu nitakuwa namuua mara ya pili?

Nasoma kila comment.