Jagi la Wodi ya Wanaume

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Songea niliripoti na sare iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa, nikitarajia kukabidhiwa sindano. Sista mkuu wa wodi ya wanaume akanipa jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo. Akasema figo zikiumia hazipigi kelele, kwa hiyo nipime mkojo. Niliudhika, sifichi. Nimesoma kote kule nije kubeba mikojo?

Nikapelekwa vituo vya afya vijijini, kisha baada ya miaka mingi nikarudi wodi ileile nikiwa msimamizi. Ndipo akaletwa mkulima mmoja mzee wa Maposeni, kaishiwa maji kwa kuhara, huku akimeza dawa za maumivu ya mgongo kila siku. Mkewe alishafariki na mwanawe yuko mbali kikazi, hivyo aliuguzwa na mkwewe, mke wa huyo mwana. Nilipouliza habari za haja ndogo, mzee alijibu kwamba anaenda vizuri tu, na mkwe akatazama sakafu.

Lakini jagi chini ya kitanda lilikuwa kavu. Nikamtuma yule binti, mkwewe, akalete uji, nikauliza tena.

"Tangu jana hata tone," mzee akanong'ona. "Ningesemaje mbele ya mkwe?"

Tulimwekea mpira, mkojo ukatoka kidogo tu, rangi ya chai kali. Kipimo cha damu kilionyesha kreatinini iko juu, yaani taka ambayo figo nzima huitoa. Daktari akasimamisha zile dawa, akaagiza dripu. Binti aliuliza kama baba atakufa.

"Figo zimeumia ghafla, hazijafa," daktari akamwambia. "Tumewahi. Tusubiri mkojo."

Nilimwelekeza binti namna ya kumimina mfuko wa mkojo kwenye jagi. Akafunika uso kwa khanga. Sikumlaumu, nikawa namimina mwenyewe, kidogo kilekile.

Asubuhi moja daktari akipitia wagonjwa, binti akaja katikati ya wodi, kashika jagi kwa mikono miwili, limejaa.

"Dada, baba amekojoa."

Wodi nzima ikacheka. Mzee akajifunika shuka mpaka kichwani. Mimi nililia.

Sasa nimestaafu, nalima mboga Lizaboni. Ninyi mnaoanza kazi, muulizeni mgonjwa akiwa peke yake, na jagi msilidharau. Juzi mzee yule alikuja na mkwewe kunisalimia, wakaniletea mahindi. Kabla sijafungua mdomo kuuliza habari za haja ndogo, mzee akacheka.

"Muulize mkwe wangu," akasema. "Yeye ndiye anayejua."