Mafua ya Dada

Dada yangu alikuwa fundi cherehani hapa Iringa. Alipoanza kujigonga kwenye miimo ya milango tulimcheka, tukamwambia uzee umemwahi. Kumbe uvimbe ulikuwa umeota kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ukawa unabana mishipa ya macho. Mbele alikuwa anaona, pembeni giza.

Dar es Salaam madaktari waliutoa kupitia puani. Mimi nilijua watampasua kichwa. Akatoka bila kovu hata moja, pua imezibwa pamba, na alipopata nguvu akaniambia anaona mlango na dirisha kwa pamoja. Nililia mbele ya manesi bila aibu.

Daktari alituonya: asipenge kamasi, asiiname, na akitokwa puani na maji maangavu kama ya kunywa, arudi hospitali mbio, kwa sababu huenda yanavuja kutoka kwenye ubongo. Nyumbani nilimweleza shangazi, aliyetulea, neno kwa neno. Akaitikia vizuri tu. Lakini Iringa, kwa baridi ya mwezi wa saba, nani hatokwi na maji puani?

Nilikwenda Ubaruku kununua mchele. Huku nyuma maji yakaanza kumtoka dada. Shangazi akachemsha majani ya mkaratusi, akamwinamisha juu ya sufuria, akamfunika blanketi na kumfukiza, asubuhi na jioni. Dada akanipigia simu.

"Shangazi kaning'ang'ania na mafusho yake. Nikimkatalia si atalia? Ni kamafua tu, usihangaike."

Alikuwa anacheka. Nilimfokea aende hospitali saa hiyohiyo, nikaacha mchele wangu mashineni, nikapanda gari la kwanza. Nilimkuta wodini, shingo imekakamaa, hanitambui. Walisema vijidudu vimeshafika kwenye ubongo. Hakuamka tena.

Nina hasira mpaka leo, na sina wa kumtupia. Maana ningemtupia nani? Msibani shangazi alikaa mkekani ubavuni kwangu, amelia mpaka sauti imekauka, mkono wangu hauachii.

"Mwanangu, mi nilijitahidi," aliniambia. "Hata baridi haikumpata. Kila mara nilikuwa namfunika mwenyewe."

Waombolezaji walikuwa wananitazama. Maneno ya daktari yalinijaa mdomoni, yote, neno kwa neno.

"Asante, shangazi," nikasema. "Ulimuuguza vizuri."